Stata iliyong'ata flaiwili ikakataa kuachia: kisa cha Land Rover ya 1968 mjini Nakuru

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA ya mwaka 1968, injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Mwenyewe ni mzee mkulima wa upande wa Njoro, na hadi leo analitumia kubeba viazi na mbegu, si la maonyesho. Stata ni ile ya asili ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, ya mtindo wa bendiksi, nitakaoueleza hapa chini. Lilizimwa likiwa moto kando ya Soko la Wakulima, likapakuliwa, na mzee alipotaka kuondoka likatoa "tak!" moja nzito na kunyamaza. Akizungusha swichi tena, tak. Halafu hata hiyo tak ikaisha.

Nilipofika, hukumu tatu zilikuwa zimeshatolewa na waliosimama pale. Wa kwanza alisema betri imekufa, wa pili kwamba stata imeungua, na wa tatu, aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba injini imekamata, yaani vyuma vyake vya ndani vimeshikana. Kijana wa mzee alikuwa kwenye simu kutoka Kisumu akimwambia babake auze chuma hicho apumzike. Kila hukumu ilikuwa na bei yake, na hakuna aliyekuwa ameangalia chochote zaidi ya uso wa mzee.

Kuelewa kilichotokea lazima kwanza ujue stata hii inavyofanya kazi, kwa sababu haifanani na za magari tunayotengeneza kila siku. Kwenye stata ya sasa solenoidi, swichi ya sumaku, inaisukuma gia ndogo iingie kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwanza, ndipo mota izunguke. Hii ya zamani haina wa kuisukuma. Shafti yake ina bomba lenye hesi pana, na pinioni, yaani ile gia ndogo, imevalishwa juu ya hesi hiyo bila kufungwa. Umeme ukifika, amecha, kiini cha mota kinachozunguka, inaruka kwa kasi ghafla. Pinioni, kwa uzito wake, inachelewa kufuata mzunguko huo, kwa hiyo inateleza juu ya hesi mpaka ikutane na meno ya flaiwili, na springi nene inapokea kishindo. Injini ikishawaka, flaiwili inaizungusha pinioni kwa kasi kuliko amecha, na hesi hiyo hiyo inairudisha nyumbani.

Kwa hiyo mambo matatu hayana mjadala: amecha iruke ghafla, pinioni iteleze bila kusita, na shafti ya stata ikae sambamba na ya injini. Likikosekana moja, stata itavumilia kwa muda. Yakikosekana yote kwa pamoja, siku moja pinioni itaingia nusu, jino likwame juu ya jino, na nguvu ya mota yenyewe izidi kulikaza.

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji hata spana. Nilimwomba mzee awashe taa kubwa kisha azungushe swichi huku mimi nikiziangalia. Taa zikibaki na mwanga wao na stata imenyamaza, umeme haufiki kwenye mota: swichi, solenoidi, waya au kaboni zinazopeleka umeme kwenye amecha. Zikififia polepole huku injini ikizunguka kwa uvivu, betri imechoka au kiungo fulani ni kibovu. Mota ikivuma peke yake na injini haigeuki, bendiksi imechafuka na pinioni haitoki. Hapa taa zilianguka mara moja, karibu zizime, na hakuna kilichozunguka. Hiyo ni dalili ya mota inayopata umeme mwingi mno lakini imefungwa isizunguke. Stata ya aina hii ikizunguka bila mzigo hula kadiri ya ampea 50; ikizuiwa kabisa inavuta zaidi ya 400. Mita ilionyesha betri ina volti 12.5 ikiwa imetulia na inashuka chini ya 9 swichi ikizungushwa. Betri haikuwa imekufa, wala stata haikuwa imeungua. Ila ingeungua kweli kama wangeendelea kuilazimisha, maana hizo ampea zote zinageuka joto ndani ya waya zake.

Ikabaki hukumu ya tatu. Injini iliyokamata na pinioni iliyokwama hutoa dalili zinazofanana kwenye taa, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Niliuliza maswali kabla ya kushika chochote. Joto lilipanda njiani? Hapana. Oili? Nikachomoa kijiti mwenyewe: kiwango sawa, haina maziwa, yaani haijachanganyika na maji. Amevuka mto maji yakaingia ndani? Februari, na vumbi lile la Njoro, mto gani. Halafu likaja jibu lililonifaa kuliko yote.

"Kijana, imekuwa ikikwaruza tangu mwaka mpya," mzee alisema. "Asubuhi inakwaruza, nazima, nawasha tena, inakubali."

Injini haikamati kwa staili hiyo. Kukwaruza kwa wiki kadhaa ni meno yanayokutana vibaya. Niliingiza mpini wa kuzungushia injini kupitia tundu la bampa ya mbele, gia ikiwa huru. Ulisogea kidogo sana kisha ukagota, bila ule ulaini wa kusukuma mgandamizo. Mpini wenyewe ni kitu ambacho Cadillac ya 1912, kwa stata ya umeme ya Charles Kettering, ilianza kukiondoa barabarani. Land Rover waliubakiza kwa miaka mingi baadaye, na mimi nawashukuru kwa dhati.

Kabla ya kukomboa chochote nilipiga alama ya chaki kwenye puli ya mbele ya krenki na nyingine kwenye kifuniko kilicho nyuma yake, zikitazamana. Watu waliniangalia nikihangaika na chaki badala ya nyundo, lakini alama hiyo ndiyo iliyokuja kueleza kisa chote. Ukiikomboa pinioni bila kuweka kumbukumbu ya mahali injini iliposimama, umefuta ushahidi.

Njia inayojulikana ya kukomboa ni kuzima swichi, kuingiza gia ya juu, ya tatu au ya nne, halafu kulisukuma gari nyuma na mbele. Flaiwili ikirudi kinyume kidogo jino linalegea. Gia ya kwanza ni kujitesa: magurudumu hayatakubali, na yakikubali utakuwa umetumia nguvu isiyo na kipimo. Kwenye Land Rover angalia pia mpini mwekundu wa gia boksi ya pili usiwe katikati, la sivyo utasukuma gari siku nzima na injini isijue. Lakini pale sokoni hapakuwa na nafasi, mbele mkokoteni wa vitunguu, nyuma lori linalopakuliwa.

Stata za Lucas za wakati ule zina njia ya pili, na ajabu ni wangapi wanazifungua miaka nenda rudi bila kuijua. Upande wa nyuma wa mota, ule wa kaboni, kuna kikofia kidogo cha bati. Kikitolewa, unaona ncha ya shafti ya amecha iliyochongwa mraba makusudi ishikwe na spana. Nilitoa kwanza waya wa arthi, ule unaoiunganisha betri na bodi ya gari, kwa kuwa spana ikigusa tamino ya stata na bodi kwa pamoja inaweza kukuchoma mkono. Nikashika ule mraba na kuzungusha kinyume na mwendo wa stata. Ulikaza, ukakaza zaidi, kisha ukaachia na pinioni ikarudi nyumbani kwa mlio mdogo.

Watu walipiga makofi na mzee akanyoosha mkono kwenye swichi. Nilimzuia.

"Mzee, usiipige stata. Tuwashe kwa mpini, twende karakana."

"Lakini imepona, fundi."

"Imeachia, Mzee. Bado hatujajua ilishikwa na nini."

Naamini hapo ndipo kazi hii huharibika mara nyingi. Kukomboa kulichukua muda mfupi na hakukuhitaji ustadi mkubwa. Gari likiwaka, fundi hulipwa na mwenye gari huondoka, na baada ya siku chache linakwama tena mahali pabaya zaidi, usiku, Mau Summit, mvua inanyesha. Tuliwasha kwa mpini, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kamwe kisizunguke mpini, kwa sababu injini ikirusha nyuma huvunja gumba. Halikurusha. Nililiandika hilo akilini: taimingi, yaani wakati wa cheche, iliyowekwa mbele mno hufanya injini irushe nyuma wakati wa kuwashwa, na kishindo hicho huumiza pinioni na springi. Baadaye nilipima taimingi kwa taa na ilikuwa sawa, kwa hiyo nikaifuta kwenye orodha ya washukiwa.

Karakana ilianza kusema yenyewe hata kabla stata haijatoka. Bolti zake zilifunguka kwa nguvu ya vidole. Moja haikuwa na springi washa, na uso wa chuma pale stata inapokaa ulikuwa umeng'aa upande mmoja, alama ya kitu kinachocheza. Nilipoitoa na kuangalia pinioni, ncha za meno zilikuwa zimelika kwa mshazari, upande mmoja tu. Stata iliyokaa sambamba hailiki hivyo. Ilikuwa inainama kila ikipokea mzigo, na meno yalikuwa yanakutana kwa pembe.

Halafu bomba lenye hesi. Lilijaa grisi, na grisi hiyo ilikuwa imechanganyika na vumbi la klachi na lile vumbi laini la barabara za huku, ikawa nyeusi na nzito mithili ya ugali wa jana. Niliisukuma pinioni kwa kidole. Ilipaswa kuteleza na kurudi, ikaenda nusu na kukaa. Mzee alikumbuka kwamba mwaka uliopita, ilipoanza uvivu, fundi mmoja aliifungua na "kuilainisha". Namwelewa fundi huyo. Kwenye stata za sasa, mifereji ambayo gia inatelezea hupakwa grisi nyepesi na ndivyo inavyotakiwa. Bendiksi ya aina hii inataka ukavu. Inakaa mlangoni pa nyumba ya klachi ambako unga hauishi kupepea, na mafuta yoyote utakayoyaweka yatakuwa gundi ya kuukusanya unga huo. Grisi iliyowekwa kwa nia njema ndiyo iliyoanza kuichelewesha pinioni, na pinioni inayochelewa hukutana na meno ikiwa bado njiani.

Kupitia tundu la stata nilimulika meno ya flaiwili huku msaidizi akizungusha injini polepole kwa mpini, plagi zikiwa zimetolewa. Sehemu kubwa ya duara ilikuwa nzuri. Lakini palikuwa na vipande viwili, vikitazamana pande mbili za duara, ambapo meno yalikuwa yamechakaa na kuota ncha. Hili halitokei kwa bahati. Injini ya silinda nne ina silinda moja inayofikia kilele cha mgandamizo kila nusu mzunguko, kwa hiyo inapozimwa inapungua mwendo, inashindwa kupanda kilele kinachofuata, na kutulia kwenye moja ya sehemu mbili zile zile. Pinioni inagonga hapo asubuhi zote za maisha ya gari. Tulizungusha hadi alama za chaki zikatazamana tena: katikati ya tundu palisimama kipande kimoja kati ya vile viwili, na jino moja lilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa.

Jambo la nne nililopima ni njia ya arthi. Stata iliposafishwa na kurudishwa kwa majaribio, niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya stata, injini ikizungushwa. Inafaa kusoma chini ya nusu volti. Ilisoma zaidi ya volti moja. Ule mkanda wa arthi unaotoka injini kwenda chesisi ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti yake. Kwa hiyo hata ile sharti ya kwanza, kuruka ghafla, ilikuwa imedhoofika.

Sasa, kipi kilikwamisha? Mzee aliuliza hivyo hivyo, na alistahili jibu, si orodha. Ningelaumu meno yaliyochakaa peke yake, ningekuwa nimesema uongo, kwani yamechakaa hivyo kwa miaka na stata ilikuwa ikiingia. Arthi mbovu hufanya stata iwe mvivu lakini mara nyingi haikwamishi. Kwa maoni yangu, bolti zilizolegea ndizo zilizokuwa mzizi: ule mshazari kwenye pinioni hauwezi kuletwa kirahisi na kitu kingine hapo, nilipokwisha kuhakikisha kwamba shafti ya amecha imenyooka. Grisi iliiongezea kuchelewa, arthi ikaipunguzia kasi, na siku ile injini iliposimama kwenye kipande kibovu, pinioni iliyoinama na kuchelewa ikapata mahali pa kukwama. Kukomboa na kusafisha tu, bila kukaza na kuweka washa, kungetupa wiki chache.

Kijana wake alipiga simu tena, safari hii na pendekezo: atafute stata ya gari la Kijapani, ichomelewe bamba la kuishikilia, yaishe. Nilimjibu kwa heshima kwa sababu nusu ya hoja yake ni kweli. Stata inayosukumwa na solenoidi ni ubunifu bora, haikwami hovyo. Lakini meno ya pinioni hiyo yana ukubwa wake na kina chake, na yasipolingana na ya flaiwili hii yatayatafuna yote, mazuri na mabaya. Bamba la kuchomelea nalo linaturudisha kwenye ugonjwa ule ule, stata isiyokaa sambamba. Kukitokea siku moja stata iliyotengenezwa kwa injini hii hasa, nitakuwa wa kwanza kumshauri ainunue. Kuchomelea, hapana.

Kazi yenyewe basi. Springi ya bendiksi ina nguvu ya kutoboa paji la uso, kwa hiyo ilibanwa kwenye jiliwa kwanza, ndipo kizuizi kikatolewa. Bomba, pinioni na springi ziliogeshwa kwa mafuta ya taa na brashi hadi chuma kikaonekana, zikakaushwa, zikarudi kavu na unga kidogo tu wa grafiti. Komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba inayoguswa na kaboni, ilifutwa kwa kitambaa chenye petroli na kusuguliwa kwa msasa laini wa kioo. Ule mweusi wa chuma usiutumie, punje zake hupitisha umeme. Nilimkanya msaidizi pia asichimbe maika, kizuia umeme kilicho katikati ya vipande hivyo vya shaba. Kwenye dainamo tunachimba, na wengi huhamishia desturi hiyo kwenye stata. Kwa hizi za Lucas haitakiwi. Kaboni zilikuwa bado ndefu kupita milimita 8, ambazo ndizo mwisho wake, zikabaki. Pinioni ilibadilishwa kwa nyingine iliyotumika lakini yenye meno kamili. Ncha zilizoota kwenye yale meno mabovu nilizipunguza kwa tupa, kwa subira, kupitia tundu lile dogo. Mkanda wa arthi mpya, chuma kikikwanguliwa hadi kung'aa pale unapofungwa. Bolti zote mbili na springi washa, zikakazwa hasa.

Liliwaka kwa mguso wa kwanza. Taa zilififia kidogo tu, na arthi ikasoma ndani ya kiwango.

Meno ya flaiwili yenyewe hatukuyagusa zaidi siku ile, kwa kuwa kuyafikia ni kutoa gia boksi, na mzee alikuwa na shamba la kupanda. Tulikubaliana yasubiri klachi, ambayo ilikuwa imeanza kuteleza, na miezi michache baadaye ikafika zamu yake. Ringi ya meno imevalishwa kwenye flaiwili kwa kubana, bila kuchomelewa, kwa hiyo haikuhitajika mpya. Ilipashwa moto sawasawa, ikagongwa taratibu hadi ikatoka, ikazungushwa robo duara na kurudishwa ikiwa na joto la nyuzi 220 hadi 250 hivi. Zaidi ya hapo chuma hupoteza ugumu wake, na mtu anayetumia moto wa kuchomelea ajizuie sana. Kwa robo hiyo, sehemu mbili ambazo injini hupenda kusimama sasa zina meno ambayo pinioni ilikuwa haijayagonga sana, na yale mabovu yamehamia mahali ambapo injini haisimami.

Kilichobaki ni bushi ya shafti upande wa pinioni, ambayo ina uchezaji mdogo. Ni ya shaba yenye vinyweleo, na mpya hulowekwa kwenye oili nyepesi saa 24 kabla ya kuingizwa. Nimemwekea mzee moja tayari. Vichwa vya bolti za stata nimevipiga mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka hadi kwenye bodi ya stata. Anafungua boneti kila Jumamosi na kutazama: mstari ukikatika, bolti imesogea, na anayo spana ya kuirudisha kabla ya kunipigia simu.